Korosho Isiyopigwa Msasa

Kiingereza changu nimekipata dukani, juu ya benchi la mbao, kati ya maboksi ya msasa na makopo ya vanishi. Duka lenyewe lilikuwa nyuma ya vibanda vyetu vya vinyago pale Mwenge, kwenye kichochoro ambacho mgeni hafiki mpaka apotee. Mwenye duka alikuwa bibi wa Kiarabu, wa ukoo ulioshika biashara mjini hapa tangu enzi za babu zake. Kabla mumewe hajafariki na kumwachia duka, alikuwa amefundisha Kiingereza shule za msingi mpaka akastaafu. Sisi wachongaji tulikuwa tunakwenda kwake kununua msasa, gundi na rangi ya viatu ya kung'arishia kazi. Hatukwenda kutafuta elimu hata siku moja. Elimu ndiyo iliyotufuata kibandani.

Ilianza siku mchongaji wa kibanda cha jirani yangu alipompoteza mteja. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa amempenda twiga wake, akamwambia, "Make it cheap," maana yake apunguze bei. Jirani yangu, kwa moyo mweupe kabisa, akamjibu kwa sauti ya kusikika soko zima: "Madam, I make you cheap!" Alitaka kusema atampunguzia. Alichosema ni kwamba atamfanya yeye mama awe wa bei rahisi. Yule mama akamrudisha twiga mezani polepole, akaondoka bila kuaga.

Tukacheka, tukashikana mabega. Bibi wa duka alikuwa amesimama kwangu, kaniletea gundi niliyoisahau kaunta. Hakucheka.

"Njoo hapa," akamwambia jirani yangu. Kisha akanigeukia. "Na wewe Mmakonde unayecheka, njoo vilevile, maana hata wewe hujui alichokosea."

Na kweli sikujua. Nilikuwa nacheka kwa sababu wenzangu walikuwa wanacheka.

Basi tukaanza darasa. Tulikuwa watu wanne, watano, kutegemea siku. Tulikwenda baada ya yeye kumaliza swala ya alasiri, saa ambazo wateja ni wachache na jua limeshalegea. Tulianza kumwita Mwalimu, na yeye akaanza kutuchapa. Ndiyo, kutuchapa. Watu wazima wenye wake na watoto, tulikuwa tunachapwa vidole kwa rula ya plastiki, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu chai yake ya tangawizi ilikuwa inashuka baada ya somo na asiyetii hapewi.

Hakufundisha kwa kitabu. Alichukua kipande cha mti alichookota kwenye takataka zetu, akakishika juu. "Make it small," akasema, tukaelewa: kifanye kiwe kidogo. "Make it smooth." Kifanye kiwe laini. "Keep it dry." Kitunze kisilowe. "Wipe it clean." Kifute mpaka kiwe safi. Kila sentensi ilikuwa na maneno matatu, na kila mara yalipangwa vilevile: kwanza kazi, halafu kitu, halafu hali ambayo kitu kitakuwa nayo ukishamaliza. Ukipindua, rula. Ukisema "make smooth it", rula mbili.

Mimi ni mbishi, siwezi kuficha. Siku ya pili tu nikanyanyua mkono.

"Mwalimu, mbona wenzetu wanahangaika hivi? Sie tunasema neno moja, lainisha. Limekwisha. Wao wanazunguka maneno matatu kama wanaenda Tegeta kupitia Mbagala."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ukichukua gogo, unashika nini kwanza?"

"Patasi."

"Halafu?"

"Gogo."

"Halafu ndiyo linakuwa kitu. Sasa unanibishia nini? Hiki Kiingereza kimepangwa kama kazi yako mwenyewe. Mkono, mti, matokeo."

Nilinyamaza, jambo ambalo wenzangu walilisherehekea. Lakini neno lile liliniingia. Siku zote nilidhani Kiingereza ni mali ya watu wa maofisini, wenye tai shingoni na viyoyozi vichwani. Kumbe kuna kona yake moja ambayo fundi anaweza kukaa akajisikia yuko kibandani kwake. Nilirudi nyumbani Goba siku hiyo nikiwa napanda mlima wetu kwa kuhesabu: mkono, mti, matokeo. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti cha darasa la saba.

Furaha hiyo niliitumia vibaya mara moja. Nilimkuta mke wangu barazani na beseni lake la misasa, akaanza kunieleza habari za maji ya bomba ambayo hayajatoka tangu juzi. Nami kwa mbwembwe nikamwambia, "Leave me alone!" Nilitaka tu aone jinsi nilivyopanga maneno vizuri. Mke wangu hasomi Kiingereza, lakini sentensi hiyo anaijua kila mwenye televisheni. Akaniacha peke yangu kama nilivyoomba. Akaniacha peke yangu mpaka chakula cha usiku, akaniacha peke yangu na chai ya asubuhi. Siku ya pili nikaomba radhi kwa Kiswahili.

Huyu mke wangu lazima nimweleze, maana bila yeye hakuna hadithi. Ni binti wa mchongaji kutoka kwetu kusini, na kazi yangu yote inapita mikononi mwake. Mimi nachonga Mwenge, yeye anapiga msasa Goba. Anaanza na msasa mkali, anakuja wa kati, anamalizia na ule laini kama karatasi ya daftari. Kisha anachukua kipande cha kanga kuukuu na rangi ya viatu, anasugua mpaka mpingo unatoa ule weusi wake wa ndani. Mama yake alimfundisha kwamba kazi haitoki nyumbani na makovu, kama vile mtoto hatoki nyumbani na tongotongo. Hilo kwake ni sheria. Nimewahi kumwona akimrudisha mteja getini ili aongeze dakika kumi kwenye mkia wa kiboko.

Nilimwomba mara nyingi aje darasani. "Mie Kiingereza changu kiko hapa," alinijibu, akanyanyua vidole vyake vyenye vumbi jeusi. Hakumjua Mwalimu ila kwa masimulizi yangu, na nadhani masimulizi yangu yalimchosha kidogo.

Tulisoma hivyo karibu miaka miwili. Jirani yangu wa twiga akawa hodari kutuzidi wote. Mimi nikawa wa kupokea oda kwa simu bila kumtafuta mtu wa kunitafsiria, nikisoma ujumbe wa wateja: "make it long", ifanye ndefu; "leave it light", iache nyepesi; "paint it black", ipake nyeusi. Kila oda ilikuja katika ule mpangilio wa maneno matatu, na kila nilipoutambua niliona kama nimekutana na mtu wa kwetu ugenini.

Ndipo Mwalimu akatuambia anahama. Mwanawe wa pekee anafanya kazi Maskati, na kwa muda mrefu alikuwa anamwomba mama yake aende akaishi naye. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, duka linataka mtu wa kusimama. Duka angemwachia mtoto wa nduguye. Alitupa habari hiyo huku anapanga maboksi, ametupa mgongo. Nilihuzunika mno. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, nimekaa kwenye benchi, sitaki kuinuka.

Mkono mtupu haulambwi, na mwalimu haagwi kwa mkono mtupu. Niliamua nitamchongea kazi ambayo Maskati nzima haijaiona. Nilikuwa na gogo la mpingo nililolihifadhi kwa miaka, nikamwambia nitampandishia mti wa watu, ukoo mzima, mmoja juu ya bega la mwenzake, babu mpaka mjukuu.

"Usinichongee mtu, wala mnyama," akasema. "Sipangi sanamu nyumbani, unajua. Na mzigo wa ndege si wa kubeba magogo." Akafikiri. "Nichongee korosho."

"Korosho?"

"Si ndiyo unayoniletea kila ukitoka kwenu? Basi nichongee moja, kubwa ya kujaa mkononi."

Nasema ukweli, niliumia. Mimi ninayetoa watu kumi na wawili kwenye gogo moja bila gundi, naambiwa nichonge korosho! Nilikuwa bado nameza uchungu huo alipochukua rula, akagonga kaunta kama darasani.

"Sikiliza vizuri. Leave it rough."

"Leave it rough," nikarudia.

"Sema maana yake."

"Niiache ikiwa na makovu ya patasi. Nisiipige msasa."

"Haya. Nenda."

Kwa hiyo msije mkadhani sikuelewa. Nilielewa neno kwa neno, na nilipasi mtihani. Hilo ndilo linalonifanya nijicheke mpaka leo.

Niliichonga Ijumaa na Jumamosi asubuhi. Kadiri nilivyochonga ndivyo dharau yangu ilivyopungua, kwa sababu korosho si kitu chepesi. Ina mgongo, ina tumbo, ina lile pinda la ndani ambalo patasi iliyonyooka hailiwezi, na ukizidisha kidogo tu inakuwa kitu kingine. Ilipotoka sawa nilifurahi nikapiga mluzi. Nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda nayo nyumbani kumwonyesha mke wangu, kisha niwahi Madale kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu.

"Hii ni ya Mwalimu," nilimwambia. "Kasema iachwe hivi hivi, isipigwe msasa."

"Mh," akasema mke wangu.

Ningejua. Mimi nimeishi na "mh" ile miaka kumi na saba.

Niliporudi jioni, jua bado lipo juu ya vilima, nilimkuta barazani kakaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Juu ya meza ndogo ametandika kitambaa chake cha kufuma, kile cha wageni, na juu ya kitambaa imekaa korosho. Ilikuwa inang'aa. Haikuwa na kovu hata moja. Amepita mpaka ndani ya lile pinda, mahali ambapo kidole chenyewe kinaingia kwa shida. Ilikuwa nyeusi, laini, imetulia.

"Mama watoto," nikasema, "si nilikwambia isiguswe?"

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mtu mzima anasafiri, kakuomba kitu, akakwambia usijisumbue. Mtu akikwambia usijisumbue, wewe huwaga unaacha kujisumbua? Akija mgeni hapa ukamwambia karibu chakula, akasema nimeshiba, unamnyima sahani? Mama wa watu kajistahi tu. Unataka afike Maskati, watu wamuulize hiki nini, aseme mafundi wa Mwenge wamenipa kipande cha kuni?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelisoma kwa miaka miwili na kulipia kwa vidole. Lakini nikaitazama ile korosho, nikaishika, na kiganja changu chenyewe kikafurahi. Na nilipofikiri, maneno ya mke wangu yalikuwa na akili. Nani kati yetu anaomba kitu kibovu kwa kukitaka kweli? Sisi tukisema "kidogo tu, inatosha" tunataka kijazwe. Nikamwambia, "Umefanya vizuri." Kosa hilo basi tulilifanya wawili, na mimi ndiye niliyekuwa nimesoma.

Mwalimu alikuwa anaondoka Jumatano. Jumatatu tukaenda wote, mke wangu kavaa gauni la kitenge jipya. Tukamkuta Mwalimu kwenye benchi, maboksi yamefungwa kamba, rafu nusu tupu. Mke wangu akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe? Karibu, karibu sana."

Nikamkabidhi. Akafungua karatasi taratibu. Akaitazama korosho, akaigeuza, akapitisha kidole gumba mgongoni.

"Mashaallah," akasema. "Mmejisumbua kweli."

Akaifunga tena kwenye karatasi yake, akaiweka pembeni, akatuuliza tutakunywa chai.

Mimi ni muuza vinyago. Katika maisha yangu nimetazama mikono ya watu maelfu ikishika kazi yangu, na ninajua mkono unaopenda na mkono unaoshukuru. Mkono unaopenda haukiachii kitu. Ule ulikuwa mkono unaoshukuru. Mke wangu naye aliona, maana alishusha macho akaanza kuchezea ukosi wa gauni lake.

"Mwalimu," nikasema, "haikupendezi."

"Nani kasema? Nzuri mno."

"Mwalimu. Umetuchapa miaka miwili kwa kusema tusichokikusudia. Leo unatufanyia hivyo wewe?"

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya mtandio, akachelewa kuirudisha.

"Mimi nimeuza msasa katika duka hili miaka kumi na minne," akasema. "Mkali, wa kati, laini, naujua kwa kugusa gizani. Lakini sijawahi kuupitisha juu ya mti. Hata mara moja. Nyie mnaununua, mnaondoka nao, siku ya pili naona kitu kimeng'aa kwenye kibanda. Katikati hapo panafanyika nini, sijui. Sasa nakwenda kwa mwanangu. Nimeshakaa kwake mwezi mmoja mwaka jana. Kupika kuna mtu, kufua kuna mtu, hata chai naletewa. Mchana kutwa nakaa kama kochi. Nikasema, ngoja yule Mmakonde aniachie kazi. Nitakaa dirishani nisugue kidogo leo, kidogo kesho. Niwe na kitu kinachonisubiri nikiamka."

"Mbona hukutuambia hivyo?" nikauliza.

"Ningesema kwa Kiswahili mngedhani najistahi. Ndiyo maana nilisema kwa Kiingereza."

Mke wangu akaanza kulia, kisha akaanza kucheka huku analia, na Mwalimu akacheka, nami nikasimama katikati ya duka sijui nijiunge upande gani. Mke wangu akajifuta kwa viganja, akavua viatu vyake vya kutokea, akakaa chini sakafuni na lile gauni jipya.

"Bibi, shuka hapa," akasema. "Baba watoto, wewe nenda ukachonge nyingine. Sie tuna kazi."

Nilikwenda mbio. Nilikuwa na mabaki ya lile gogo langu, na nilichonga siku hiyo mpaka soko likafungwa, nikaendelea Jumanne kuanzia asubuhi. Sijawahi kuchonga kwa furaha kama ile. Nilikuwa natengeneza makovu kwa makusudi, nikiyapanga yawe mengi, yawe na vilima na mabonde, ili mtu apate kazi ya miezi. Jirani yangu akapita, akaniuliza kama nimelewa.

Nilipopeleka ile korosho ya pili Jumanne mchana, nilisimama mlangoni nisionekane, kwa sababu yaliyokuwa yanaendelea ndani sikutaka yakatike. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kwa ajili ya magoti, buibui limejaa vumbi jeusi, kashika kipande cha mti na msasa. Mke wangu yuko mbele yake.

"Hapana, bibi, hapana! Unasugua kama unafua. Fuata mti ulivyolala. Umeona? Huku ndiko ulikolala. Ukienda kinyume unaukwaruza."

"Hivi?"

"Ndivyo. Lakini usiukamie. Msasa haushindani na mti. Na hapa penye pinda, viringisha karatasi kwenye kidole, hivi, halafu uzungushe tu."

"Inauma kidole."

"Itauma wiki moja. Baadaye kidole kitazoea."

Mwalimu akapitisha gumba juu ya kipande chake, akafumba macho. "Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo. "Hapa pamekuwa laini. Mimi ndiye niliyefanya hivi?"

"Wewe mwenyewe."

Alikuwa na miaka sabini na kitu, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza. Nililia pale mlangoni, sioni aibu kulisema. Kisha nikaingia nikajidai vumbi limeniingia machoni.

Alizichukua korosho zote mbili. Ile ya mke wangu alisema ataiweka mbele yake, ajue anakoelekea. Tukampa na misasa ya kila aina, akagoma kwanza, akasema amewauzia watu miaka kumi na minne, hawezi kupewa bure. Tukamwambia asijisumbue kukataa.

Wiki za mwanzo huko hakupiga simu. Mwanawe ndiye aliyetuma ujumbe, kijana mwenye adabu sana, akauliza hali zetu, kisha akasema mama yake hajazoea bado, hazungumzi sana, mchana anakaa chumbani na mlango umefungwa, na anatoka kula tu. Akauliza kama tunajua anachokifanya humo ndani, kwa sababu kila siku shuka za kitanda zinakutwa na vumbi jeusi. Nikamjibu kwamba tunajua, na asiwe na wasiwasi. Lakini wasiwasi nilikuwa nao mimi. Kimya cha mtu aliyekuwa akitugombeza kila alasiri ni kimya kibaya. Mke wangu nilimwona mara mbili akiitazama simu yangu iliyolala mezani.

Kisha Jumapili moja, tumetoka kanisani, simu ikaita kwa picha. Alikuwa Mwalimu mwenyewe, kakaa sakafuni, nyuma yake dirisha lenye jua kali. Hakutupa hata nafasi ya shikamoo.

"Nimemaliza!" akasema. Akanyanyua mikono miwili mbele ya kamera, kila mkono una korosho. "Haya, niambieni ukweli. Ipi yangu?"

Nilisogeza simu machoni. Ya kushoto ilikuwa ya mke wangu, ningeijua hata ndotoni. Ya kulia ilikuwa imeng'aa, hilo siwezi kumnyima. Ilikuwa imeng'aa kupita kiasi. Alikuwa amesugua mgongo, akasugua tumbo, akalisugua lile pinda la ndani mpaka limekaribia kupotea, na pale ambapo niliweka ncha ya mwisho kwa taabu ya nusu siku hapakuwa na ncha yoyote.

Mke wangu alinifinya paja. Nilijua maana yake: sema ni nzuri, mtu mzima yuko mbali, kajitahidi. Nami ulimi ulikuwa tayari umeshaanza kutengeneza hayo maneno ya heshima. Kisha nikauona ule uso wake unavyosubiri, bila miwani, na nikajua hakupiga simu kutoka Maskati ili apewe sahani ya mgeni.

"Mwalimu," nikasema, "ya kushoto ni korosho. Ya kulia ni haragwe."

Mke wangu akanifinya tena, safari hii kwa kucha. Mwalimu akaigeuza ile ya kulia, akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

Akaangua kicheko. Alicheka mpaka simu ikamponyoka, tukabaki tunaona dari na feni, tukimsikia tu. Alicheka akikohoa, akasema "haragwe!", akacheka upya. Mlango ukafunguliwa, tukasikia sauti ya kiume yenye hofu ikiuliza, "Mama? Mama, kuna nini?" na yeye hawezi kujibu. Simu ikaokotwa. Ikatokea sura ya yule kijana, mtu mzima mwenye ndevu, macho yamemtoka. Akatutazama sisi, akamtazama mama yake. Akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaiegemeza simu ukutani, na tukamwona akishuka chini, na kanzu yake nyeupe, akakaa sakafuni kando yake kwenye lile vumbi.

"Wamesema nimetengeneza haragwe," Mwalimu akamwambia, anafuta machozi.

"Basi wakuletee nyingine," kijana akasema. Sauti yake haikuwa imetulia.

"Ziwe mbili," mke wangu akapaza sauti kutoka begani kwangu. "Na wewe baba utakaa hapo hapo, mama yako atakufundisha."

Jumatatu nilifungua kibanda mapema kuliko siku zote, nikachagua gogo.